Taa ya Kijani ya Siwema

Serikali iliamua kwamba kila mgonjwa wa figo apewe mifuko minne ya maji kwa siku ya kuingiza tumboni na kusafisha damu, mnene sawa na mwembamba. Kila nyumba ya mgonjwa ikapewa mzani wenye taa. Maji yakiutosha mwili, taa huwaka kijani, yasipotosha, nyekundu.

Siwema, mpishi wa harusi, alikuwa jimama, na taa yake haikutoka kwenye nyekundu. Mumewe, Mwinjuma, akaenda zahanati kuomba mfuko wa tano.

"Mzee wangu, haki ni sawa kwa wote," karani akamjibu.

"Haki gani? Sufuria la harusi utalisafisha kwa kikombe kimoja cha maji?"

Alipomsimulia mkewe, Siwema alicheka mpaka akashika mbavu. "Acha kugombana na watu, mume wangu. Sufuria litapungua lenyewe."

Tangu hapo akawa anapika na kuonja tu. Siku moja pete ilimvuka kidoleni, wakaikuta kwenye unga. Mwezi wa nne taa ikawaka kijani. Mwinjuma, mwanamume mzima, akapiga vigelegele, akachinja jogoo.

Siwema alikula shingo tu. "Usije ukaniharibia taa yangu."

Alizikwa wiki ya tatu baada ya hapo, na jeneza lake lilibebwa na watu wawili. Wakubwa wa serikali wakaleta barua: tiba ilitosha.

Mzani bado uko pale pale, hauna mtu juu yake, na taa inawaka kijani. Kila akiitazama, Mwinjuma huwatukana wakubwa wote, mpaka akumbuke vile vigelegele vyake.