Kelele ya Chumba cha Pili

Mwalimu Bichage aliiweka kompyuta juu ya meza ya fundi, akasema shida yake ni moja tu: imekuwa kimya.

Robi alidhani hakusikia vizuri. Kwa miaka minane ya kutengeneza kompyuta pale Migori, wateja walimletea mashine zinazonguruma wakitaka zinyamazishwe. Hakuna aliyewahi kuomba kinyume.

Akaifungua. Ndani alikuta vipande viwili vya RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, visivyofanana. Kimoja kilikuwa cha kasi, cha bei. Kingine kilikuwa cha kawaida kabisa.

"Hiki cha pili nani aliweka?"

"Mimi. Stima ilipotea, ikarudi na nguvu, kimoja kikaungua. Nikanunua hicho Isebania. Tangu hapo inawaka dakika kumi, inazima, inajiwasha tena."

Robi alimweleza polepole. Mwenye mashine, ambaye Robi aliona wazi si Mwalimu, alikuwa ameisukuma ipite kasi iliyotengenezewa, ndiyo maana ilipata joto na feni zikapiga kelele. RAM zake zilikuwa pacha, zikastahimili. Hii mpya haiwezi. Ukichanganya namna hii, zote mbili sharti ziende mwendo wa ile ya polepole. Ukilazimisha, mashine inazima.

Akashusha kasi, akaiwasha. Ilikaa nusu saa bila kuzima.

"Sasa iko sawa, Mwalimu."

"Haiko sawa. Siisikii."

"Basi niitie mwenyewe, anieleze alivyokuwa ameiweka."

"Ni ya kijana wangu, Obare," alisema Mwalimu. "Tulimzika wiki tatu zilizopita. Ilikuwa pikipiki."

Aliyasema kama mtu anayetaja siku ya soko. Robi alimpa pole, naye akasema asante, macho yakiwa kwenye nyaya zilizoning'inia ukutani.

"Mama yake hajui," akaongeza.

Mkewe, Nyakerario, alikuwa amepata kiharusi mwezi mmoja kabla ya ajali. Kijana alipokufa, yeye alikuwa bado amelazwa, na daktari alikuwa ameonya asipewe habari ya kumshtua. Mwalimu akamzika mwanawe, akarudi hospitali na uji kwenye chupa, akamnywesha mkewe kijiko kwa kijiko bila kusema neno. Sasa mama alikuwa nyumbani, hawezi kuinuka kitandani. Chumba chake kimepakana na kile ambamo Obare alikuwa akihariri video za harusi, mlango umefungwa, asubuhi hadi jioni.

"Akiisikia inanguruma, anajua kijana yuko kazini. Ikinyamaza, ananiita."

"Hajaomba kumwona?"

"Hapana. Huuliza tu kama amekula."

"Nawe unamwambia nini?"

"Namwambia amekula."

Robi alizungusha bisibisi kati ya vidole. "Na mashine ikiwa inawaka, ni nani anayekaa nayo?"

"Mimi. Nakaa kwenye kiti chake. Kutwa."

 Robi aliziacha RAM ziende mwendo wao wa polepole, akaingia kwenye mipangilio ya feni, akazipandisha zote hadi mwisho. Mashine ikaanza kuvuma, meza ikatetemeka kidogo. Mwalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Itanguruma, lakini haitakuwa na kazi yoyote inayofanya," Robi alisema.

"Hiyo inatosha."

Kesho yake asubuhi Robi alienda mwenyewe nyumbani kwao kuiunganisha. Chumbani mwa Obare kitanda kilikuwa kimetandikwa, na jaketi lake lilikuwa bado mgongoni mwa kiti. Robi alichomeka waya, akabonyeza. Feni ziliponguruma, sauti ya mwanamke ikatoka upande wa pili wa ukuta, nzito, maneno yakiburutana.

"Obare, umekula?"

"Amekula, Mama Obare," Mwalimu alijibu.

Akaketi, akaweka mikono magotini na kukitazama kioo kitupu cha kompyuta. Hakuonekana mwenye huzuni wala mwenye nafuu. Alionekana kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo.

Robi hakuweza kuondoka bila kumsalimia mama wa nyumba. Alimkuta amelala chali, upande mmoja wa uso umelegea. Mama alimwita kwa mkono wake mzima, akamtaka asogee, kwa sababu ule mvumo ulipita ukutani na kujaa chumba.

"Ni wewe fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Itadumu?"

"Itadumu, mama. Obare ana kazi nyingi siku hizi, lakini haitamsumbua tena." Robi alijisikia akidanganya, na uongo ule ukamtoka kwa urahisi uliomshangaza.

 Nyakerario akaushika mkono wake.

"Kina mama wa kanisa waliniambia wodini, siku ileile ya ajali," alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu asijue kwamba najua. Bado hajamlilia mtoto wake, na mle ndani ndimo anamokaa naye."