Kabari ya Mashine Namba Nne

Mkaguzi aliibamiza ile kabari juu ya meza ya msimamizi, vikombe vikaruka.

"Hii imetoka wapi?"

Msimamizi aliitazama kama mtu aliyekuta panya kwenye sahani yake. Kilikuwa kipande cha mbao kisichozidi kidole gumba, kimechongwa, kimepigwa msasa, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya kutundikia. Aliyekitengeneza hakuwa na haraka.

"Kijiti tu hicho, mama," akasema.

Kijiti tu! Moto ukamwakia mkaguzi hadi masikioni.

Pale kiwandani, wanakotengeneza mifuniko ya sufuria, walimwita Mama Hatari, maana hamalizi sentensi mbili bila neno hilo. Kazi yake ni tathmini: kupita mashine kwa mashine na fomu zake, kuangalia kipi kinaweza kumuumiza nani, na kukizuia mapema. Leo alishapita mashine tatu bila kugombeza mtu, hata mwenyewe akaanza kujishangaa. Ndipo akafika namba nne, watu wakiwa kwenye chai, akakuta kabari imechomekwa pembeni mwa kitufe cha kushoto, imekibana kikabaki chini.

Mashine ile ina vitufe viwili, vimeachana karibu mita nzima. Chuma hakishuki kukata bati mpaka vibonyezwe vyote kwa pamoja, mkono huku na mkono huku. Ukikibana kimoja, basi hesabu kwamba hakipo.

Na vitufe vile alivileta yeye. Miaka mitatu nyuma, ilipotokea ajali kwenye mashine hiyohiyo, aliitwa sakafu ikiwa bado mbichi kwa kuoshwa. Aliyeumia alikuwa amelazwa. Mkaguzi aliandika jina lake kwenye fomu bila hata kumwona sura. Akagombana na meneja mwezi mzima mpaka vitufe vikanunuliwa. Juu ya hayo akaongeza sheria kwa kalamu yake mwenyewe: atakayechezea kinga ya mashine, kazi hana, siku hiyohiyo. Vitufe vile alijivunia kuliko diploma yake iliyoko ukutani. Leo ndiyo mara ya kwanza anarudi kuviona.

Akashuka kiwandani, akaamuru mashine zote zizimwe, akainua kabari juu watu waione. Nani kaichonga?

Seremala wa makreti akanyoosha mkono. Sawa. Kisha fundi umeme naye akanyoosha. Halafu mpika chai, mama wa watu ambaye patasi haijui hata kwa kuiota, akasema msasa alipiga yeye.

"Mnanifanya mtoto?" mkaguzi akauliza.

Msimamizi akamsogelea, akamwomba kwa sauti ya chini hili awaachie wao, watalimaliza wenyewe. Mkaguzi akamwambia alete daftari la uzalishaji. Wanaobana vitufe anawajua: ni wale wenye pupa, wanaotaka kuwapita wenzao kwa idadi. Akafungua, akapitisha kidole. Namba nne ilikuwa ya mwisho. Wiki iliyopita ya mwisho, na ya kabla yake pia.

"Yaani anavunja sheria, na bado ni wa mwisho," akasema. "Basi na uvivu anao. Yuko wapi huyo?"

Mpika chai akageukia ukuta.

"Ni mimi, mama. Wenzangu waache."

Akatoka nyuma ya marundo ya bati, mwanaume wa makamo, mpole, ovaroli limefungwa hadi shingoni, mkono wa kushoto umezama mfukoni kama mtu anayesubiri kinyozi. Ule mkono mfukoni ulimuudhi mkaguzi kuliko hata kabari.

"Unajua kilichotokea kwenye mashine hii?"

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua usingeigusa hii takataka. Mtu aliumia hapa. Nimegombana mwezi mzima asije akaumia mwingine, halafu wewe unanijia na kijiti cha kamba."

"Nilisikia ulivyogombana," yule bwana akasema. "Siku nyingi nataka kukushukuru."

Kejeli hiyo, tena mbele ya watu. Mkaguzi akachomoa fomu, akaandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kwenye nukta: amechezea kinga kwa makusudi, aachishwe kazi leo. Msimamizi akafungua mdomo, yule bwana akamtikisia kichwa, akaufunga.

Bwana akauliza jambo moja tu: kama ataruhusiwa kuondoka na ile kabari.

"Huondoki na kitu. Andika jina lako kamili hapa, halafu saini."

Akapokea kalamu, akainamia mfuniko wa kreti. Fomu ikateleza ikaifuata kalamu. Akaivuta kwa kiwiko, akajaribu tena, ikateleza tena. Nyuma yao mtu akakohoa.

"Toa huo mkono mfukoni uishike karatasi," mkaguzi akafoka. "Unazungumza na mtu mzima."

Akautoa. Mkono wa ovaroli ulikuwa umekunjwa ncha na kubanwa kwa pini, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Nishikie wewe, mama," akasema. "Inakimbia."

Mkaguzi akaishika. Jina likaandikwa polepole, herufi moja moja, naye akalijua kabla halijafika katikati.