Kilio cha Mboza

Kila anayepokewa nchi ile huchomwa sindano moja shingoni, na uchungu wa kwao hulala usingizi wa pono. Watoto hawachomwi mpaka mzazi aombe. Mboza hakuwa na la kulalamikia: kazi anayo, nyumba ina joto, bintiye Zaina anasoma bure.

Alikuwa akikoroga uji pale mdogo wake, Shekue, alipotokea kwenye kioo cha ukutani kutoka Lushoto.

"Dada, mama ametutoka."

"Poleni," alisema Mboza, kama anayempa pole jirani, akapunguza moto uji usifurike.

Nyuma ya Shekue uwanja ulikuwa umejaa kina mama wa ukoo, kimya, macho yote kwa Mboza. Kwao jeneza halinyanyuliwi mpaka binti mkubwa aangue kilio cha kwanza.

"Tunakungoja wewe, dada."

Mboza alijitafuta kifuani, hakukuta kitu. Basi akakumbuka shangazi zake walivyokuwa wakilia misibani. Akaweka mwiko chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama yangu ee! Umeniacha na nani?" Wanawake wakampokea, uwanja mzima ukalipuka kwa vilio, jeneza likanyanyuliwa.

Alipogeuka, Zaina alikuwa amejikunja chini ya meza, analia mpaka kwikwi, na bibi mwenyewe hakuwahi kumwona ila kwenye kioo.

Mboza alimfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nyamaza, mwanangu," alisema kwa upole. "Jumatatu nitakupeleka wakakuchome."