Radi za Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba, vumbi la Tunduma likiwa limeingia mpaka kwenye sukari, Yahaya alituma telegramu Dar es Salaam kwamba radi zimeongezeka.

Mkewe Mwasiti, mwenye mimba ya mtoto wao wa kwanza, alichungulia dirishani. Hapakuwa na wingu hata la dawa. Akamuuliza mumewe hizo radi zimepiga wapi. Yahaya akajibu kuwa radi ni mambo ya kitaalamu.

Ukweli ni kwamba naye hakujua. Serikali ilitafuta mtu wa kuhesabu radi huku mpakani, na katika watu wote wa Jamhuri ikamwangukia yule anayeziogopa kuliko wote. Yahaya mwenyewe ndiye aliyejisema hivyo, akicheka peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kilimani nyuma ya mji ulisimikwa mlingoti wa chuma wenye waya, na chini yake kisanduku. Radi ikipiga popote karibu, waya unaihisi, na tarakimu ndani ya kisanduku inaruka moja. Vituo vya namna hiyo vilitawanywa mikoani ili ofisi kuu ijue radi inapenda kupiga wapi. Yahaya alitakiwa kupanda kila siku, kusoma na kushuka, basi.

Alipanda wiki moja. Siku ya mwisho, akiwa ameinama mbele ya kisanduku, tarakimu iliruka na mti wa jirani ukapasuka toka juu mpaka chini. Yahaya alifika nyumbani kabla ya viatu vyake. Mwezi ule alituma hesabu ya wiki ile moja, na kilima hakukikanyaga tena, hata kiangazi, kwa hoja kwamba chuma ni chuma.

Kisha akakumbuka kuwa Ruanda ya Mbozi, kwenye njia ya Mbeya, nako kuna kituo, chini ya Andongwisye, mzee wa kanisa, mtu ambaye akikosea hata salamu hurudi kuomba radhi. Amri, kondakta wa basi la Mbeya, akawa anamletea hesabu ya Ruanda kila mwisho wa mwezi. Yahaya aliongeza kidogo, kwa kuwa Tunduma ni mji mkubwa, akatuma. Naye Amri, mpenda habari, tangu ile hesabu ya wiki ya kwanza hakuondoka kabla ya kuuliza Tunduma wamepata ngapi. Yahaya alimwambia kwa fahari, maana hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake.

Hesabu ya Ruanda ilipanda kila mwezi. Masika ilipanda, kipupwe ikapanda. Yahaya alishangaa kidogo, halafu akajilaumu. Mtu wa pwani kama yeye, wa Pangani, anajua nini habari za milima ya Mbozi? Andongwisye akisema radi, ni radi.

Mwezi wa tisa ofisi kuu ikajibu. Hakuna mahali nchini palipopigwa kama huku mpakani. Mabati ya shule mpya yamezuiwa mpaka mtaalamu aje kukagua, na atakayeonekana mzembe ataachishwa kazi na kutoka kwenye nyumba ya serikali. Yahaya aliwaza watoto wanaosomea chini ya nyasi zinazovuja, akaona aibu ya kweli, ile isiyochekesha.

Mwasiti naye aliisoma telegramu. "Panda ukasome leo leo," alisema. "Huyu mtoto sitaki azaliwe ndani ya lori la kurudi Pangani."

Yahaya alifika nusu ya kilima. Upande wa Zambia kikatokea kiwingu kimoja, cheupe, kisicho na ubaya na mtu. Akashuka.

Akiwa anashuka alipata wazo lililomfanya ajione ana akili. Kisanduku chake kingemuumbua, lakini cha Ruanda kingemtetea. Angesema chake kimeungua, mtaalamu akasome kile, na hesabu zingekaribiana bila shida. Alimshukuru Mungu kwa kumpa jirani mcha Mungu, ingawa wa dini nyingine.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, Ndugu Leah, mwenye Landrova na maneno machache. Yahaya alimweleza habari ya kuungua kabla hajaulizwa. Ndugu Leah hakukasirika. Alisema katika miaka yake yote hajaona vituo viwili vinavyokubaliana kama Tunduma na Ruanda. Vingine hutofautiana kama mashahidi wa ajali. Kwa hiyo atasoma cha Ruanda, na kikikubali, hana neno na mtu.

Yahaya akapumua. Njia nzima alimsifu Andongwisye, mpaka Ndugu Leah akamwomba anyamaze kidogo.

Walimkuta Andongwisye nje ya stoo ya ushirika. Alipoiona Landrova alivua kofia. Alimpa Yahaya mkono, akaushikilia kuliko desturi. Ndugu Leah alipoomba kuonyeshwa kisanduku, mzee alisukuma mlango wa stoo. Aliwaongoza ndani, wakapita kati ya magunia ya kahawa mpaka ukutani.

Palikuwa na kasha la mbao lenye anwani ya ofisi kuu. Misumari yake yote ilikuwa mahali pake, na juu yake kuku alikuwa ameatamia mayai.

"Nilikuwa nangoja fundi aje akisimike kisanduku," alisema Andongwisye. "Hakuja. Nikaona si vizuri ofisi ikae bila hesabu. Basi kila mwezi Amri ananiletea ya Tunduma, naongeza kidogo tu, kwa sababu ya milima."

Kisha akamgeukia Yahaya, kwa upole wa mtu anayetaka kweli kujua.

"Na wewe, mwenzangu, zako ulikuwa unazitoa wapi?"