Refa na Mkwe Wake

Veneranda wa Tabora aliporusha mpira wa mwisho, mimi refa nilikuwa nimegeukia reli iliyopita kando ya uwanja.

Kipa wa Urambo alikuwa mdogo wake mama mkwe wangu. Kwa umri nimemzidi, lakini kwetu Wanyamwezi huyo naye ni mkwe, na mkwe hatazamwi wala hasemeshwi ana kwa ana. Aliruka, sketi ikapanda, nikageuza uso kabla sijafikiri.

Watu walipiga kelele. Hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi ya mpira wa mikono ya wanawake wa Tanganyika, na sare ingewapa Urambo kombe. Tabora walihitaji bao hilo moja.

"Refa, bao au si bao?" aliuliza Veneranda.

"Sikuona."

"Ulikuwa unasubiri treni?"

Watu wakacheka. Mpira ulibingirika hadi miguuni pangu, ngozi yake imeshika upande mmoja majivu tuliyochorea mstari wa goli. Majivu yalionyesha kwamba umegusa mstari, si kwamba umevuka.

"Muulize mkwe wangu," nilisema, macho bado relini.

"Si huyo hapo, anakusikia."

"Muulize wewe."

Veneranda akamuuliza. Kipa akamjibu:

"Mwambie mkwe wangu limeingia."

"Una wazimu?" mmoja wa wenzake alimfokea. "Kombe letu hilo."

"Nimesema limeingia," alijibu kipa. "Na mwambie nashukuru aligeuka."

Nikapuliza filimbi.