Mstari wa Wazee

Kabla ya kumpa mumewe chakula, Marie-Louise alimvua shati, akalikunjua mbele ya uso wake na kulinusa kuanzia kwenye kola hadi mikononi.

"Watoto," alisema.

Urbain alicheka. "Umepatia tena, Mama Peguy. Leo nimeshinda kwa watoto."

Huo ulikuwa mchezo wao katika chumba walichopanga Glenwood. Urbain alifanya kazi karibu na bandari ya Durban, kwenye ghala lililojaa mapipa ya wiski ya shayiri. Yeye mwenyewe hakuonja hata tone. Walipokuwa bado Lubumbashi, pombe ilikaribia kuwatenganisha, na siku Urbain alipobatizwa, Marie-Louise alimwambia waziwazi kwamba akinywa tena, atamchukua mtoto wao Peguy na kuondoka. Hakuwa mtu wa kutishia bure.

Ndiyo maana shati lilipoanza kurudi nyumbani linanuka wiski, alimkalisha chini ajieleze. Urbain alimweleza kwa upole. Wiski inapoingia kwenye pipa haina rangi, na ni kali kama mafuta ya taa. Pipa ndilo linaloilea. Joto la Durban likipanda, mbao huinyonya. Likishuka, huirudisha, na kila mwaka kiasi fulani hupotea hewani. Wafanyakazi wa ghalani walikiita fungu la malaika. Fungu hilo ndilo lililoingia kwenye mashati yake.

Kisha akamfundisha kutambua umri kwa pua. Mapipa machanga aliyaita watoto. Yalinuka mbao zilizopasuliwa jana. Vijana walinuka vanila na sukari iliyoungua kidogo. Halafu kulikuwa na wazee, mstari wa mwisho kabisa, ambao aliuhudumia Jumamosi tu, na ndiyo sababu siku hiyo alirudi jioni. Shati la Jumamosi lilinuka zabibu, asali na mbao kuukuu. Marie-Louise alilipenda kuliko mengine yote. Mara nyingine hakulifua mpaka Jumatatu. Aliamini kwamba ndoa nayo iko hivyo: ule ukali wa mwanzo unakaa gizani, unavumiliwa, mpaka siku moja unageuka utamu.

Kanisani hapakuwa na aliyefundishwa kunusa. Wazee wa kanisa walilalamika kwamba shemasi wao ananuka pombe, wakataka aondolewe, na Mchungaji Athanase akaitisha kikao. Marie-Louise alisimama mbele ya wote, akaapa kwamba mumewe hanywi. Kabla hajakaa, Bernadette mwenye saluni, rafiki yake wa karibu kuliko wote mjini Durban, alisimama kando yake, nywele zikiwa ndani ya kitambaa cheupe kama wanawake wote wa kanisa lile.

"Na mimi ninaapa," alisema. "Papa Peguy hata tone hanywi."

Mzee mmoja aliwatania kwamba kumbe saluni imefungua na ofisi ya mawakili. Watu wakacheka, lakini shauri halikuisha. Mchungaji alisema atakwenda ghalani kujionea mwenyewe.

Walikwenda Jumamosi asubuhi, yeye na Marie-Louise. Bernadette aliahidi kuwakuta kule kule, akitokea saluni.

Msimamizi wa ghala, Mtanzania wa Bukoba aliyeitwa Gosbert, aliwapokea mlangoni. Hakuhitaji kueleza mengi. Hewa ya ndani ilikuwa nzito na tamu, na baada ya muda mfupi mchungaji aliinua mkono wa koti lake, akaunusa. Gosbert aliwaambia kwamba Urbain ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuomba kuonja. Wenzake walimpa jina la Malaika, kisha wakamsikitikia, kwa kuwa fungu lake hachukui.

Mchungaji aliomba radhi palepale. Alisema kesho atatangaza mbele ya kanisa lote, kisha akatoka kwenda kuwasha gari.

Marie-Louise alijisikia mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Mwisho wa ghala alimwona Urbain akiviringisha pipa, akampungia mkono. Furaha ilimfungua mdomo. Akamwomba Gosbert, kabla hajaondoka, amwonyeshe na mstari wa wazee, ule wa Jumamosi, wenye zabibu na asali.

Gosbert alicheka bila ubaya wowote.

"Shemeji, hayo unayosema yanataka miaka kumi na tano, tena kwenye pipa lililowahi kuwekwa mvinyo mtamu. Sisi tumeanza juzi tu, mwaka tisini na tano, hata miaka mitano hatujatimiza. Wazee tutawatoa wapi? Hapa ni watoto na vijana. Na Jumamosi saa sita tumeshafunga."

Kule mwisho pipa lilikuwa limesimama. Urbain alikuwa ameinama nyuma yake, na hakuinuka.

Marie-Louise alitoka nje kwenye jua, kwenye kelele za kreni na malori. Alijaribu kufikiri ni baa gani ya Durban inayouza wiski ya miaka kumi na tano kwa mtu mwenye mshahara kama wa mumewe. Bernadette alikuwa ameshashuka kwenye taxi, amesimama kando ya gari la mchungaji. Alipomwona alikuja mbio, kichwa wazi, nywele zimesukwa upya na kupakwa mafuta hadi zinang'aa.

"Mchungaji ameniambia," alisema. "Si nilisema, dada yangu? Bwana yako iko safi."

Akamkumbatia kwa mikono miwili, akamkaza kifuani. Shavu la Marie-Louise likazama katika zile nywele, akavuta pumzi, na akakuta zabibu, asali na mbao kuukuu.