Kiti cha Mbele

"Mama, naomba tubadilishane," Novatus alisema tena. "Mke wangu akae hapo mbele, wewe uje huku nyuma. Anarushwa mno."

Dorkas hakugeuka. "Siwezi, mwanangu."

Land Rover kuukuu ilikuwa ikiteremka kutoka Chome kwa gia ya kwanza. Tangu alfajiri ukungu wa mlima Shengena ulikuwa umefunika kila kitu. Nyuma, Leticia alilala juu ya godoro, kichwa chake kwenye mapaja ya Bibi Yudith, mkunga wa kijiji. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana, na mtoto alikuwa amekaa vibaya.

"Huyu si wa kuzalishwa hapa," Bibi Yudith alikuwa amesema. "Asipofika kituo cha afya kule chini, tutawapoteza wote wawili."

Novatus alikuwa fundi wa ujenzi kutoka Bukoba. Wiki ilikuwa haijaisha tangu wafike mlimani, na hakuwa na ndugu wa kumkimbilia. Vijana wa bodaboda walimkatalia kwa huruma. "Sioni hata tairi langu la mbele, fundi. Nitawaua." Ndipo Bibi Yudith alipomshika mkono, akampeleka kwa mzee Hezroni, mwenye Land Rover ile.

"Shikamoo, mzee," Novatus alisema, akanyoosha mkono.

"Marahaba." Mkono ukabaki hewani. Mzee alikuwa tayari anavaa koti lake. "Dereva ni mwanangu Humphrey, lakini yuko Same, ukungu umemzuia kupanda. Nitashika mimi nafasi yake. Ukungu haunisumbui."

Bibi Yudith alimtazama Dorkas, mke wa mzee. Dorkas naye akamtazama. Kisha akakaza kitenge kiunoni, kama mtu anayekwenda kulima, akapanda kiti cha mbele.

"Washa taa, Baba Humphrey," alisema walipoondoka. "Watu watuone."

"Eh. Taa."

Sasa walikuwa katikati ya mlima, na Leticia alikuwa ameacha kulia. Kimya chake kilimtisha Novatus kuliko kilio.

"Mama, nakuomba kwa Mungu. Kiti tu!"

"Mwache mama akae pale pale," Bibi Yudith alisema kwa ukali.

Dorkas alichomoa mto aliokuwa ameukalia, akaupitisha nyuma. Akavua sweta, akalipitisha pia. Halafu chupa ya chai. Kila alichokuwa nacho alikitoa, isipokuwa kiti.

Na mdomo wake haukupumzika. Alikuwa ametoa kichwa dirishani kwenye baridi ile, akiwasema majirani mmoja baada ya mwingine.

"Eliezeri huyo, migomba yake hajaifyeka mpaka leo. Imeingia barabarani, mkono wa kushoto."

"Mvivu tu," alisema mzee, akizungusha usukani kidogo.

"Na mvua imelila kalvati la Anold. Upande wa kulia, shimo la kuzika ng'ombe. Watu wakiitwa msaragambo wa kutengeneza barabara, yeye anaumwa mgongo."

"Mgongo wake unajua kalenda," mzee akajibu, na gari likasogea kushoto.

Novatus alihisi damu inampanda kichwani. Mkewe anakufa, na huyu mama amekalia kiti na umbea.

"Nyamaza, mama!" alipiga kelele. "Nyamaza kidogo, tafadhali!"

Dorkas akanyamaza.

Gari likasimama pale pale. Chini ya tairi la mbele kokoto ziliachia, zikaporomoka bondeni, na mlio wake ulichukua muda mrefu kufika chini. Hezroni alikaa, mikono juu ya usukani, kichwa kimeinama upande wa mkewe.

"Fundi," alisema kwa upole, "gari hili haliendi bila maneno ya mke wangu. Nimeishi naye miaka mingi, nimezoea. Mvumilie."

Bibi Yudith alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa sala.

"Samahani, mama," Novatus alisema. "Endelea."

"Hujakosa, mwanangu. Shika mkono wa mkeo." Dorkas akatoa tena kichwa nje. "Tupo kwenye kona ya mkuyu, Baba Humphrey. Unakumbuka siku ile shangazi yako alipoangukia hapa na kapu la maparachichi? Kulia, ukingo umekatika."

"Namkumbuka," alisema mzee. Alirudi nyuma kidogo, akakata kushoto, akapita taratibu kama mtu anayepita kando ya mtoto aliyelala.

Wakaendelea hivyo, kona baada ya kona, mpaka ukungu ukapasuka na jua la tambarare likawamwagikia. Novatus alifunika macho kwa kiganja. Mlangoni mwa kituo cha afya manesi walikuwa tayari na machela.

Novatus alisubiri kwenye benchi. Mlango ulipofunguliwa, nesi alikuwa anatabasamu, na kutoka ndani ilisikika sauti ya Leticia ikiomba maji.

Novatus alitoka nje na mtoto aliyefungwa kwenye sweta la Dorkas. Wazee wawili walikuwa bado kwenye gari, kila mmoja kwenye kiti chake, wakinywa chai kwa kikombe kimoja.

"Mama, nisamehe kwa yale maneno."

"Maneno gani? Mpe mzee kwanza, ndiye aliyemleta."

Novatus akamsogeza mtoto dirishani. Hezroni akanyoosha mikono yote miwili. Ikapita kando, ikabaki hewani. Dorkas akaishika, akaisogeza taratibu mpaka ikagusa sweta.

"Haya, Mama Humphrey," alisema mzee. "Niambie na huyu alivyo, kama ulivyoniambia barabara."